Ni Mfano Tu

Kiingereza ni lugha ya uvivu, na uvivu wake ndio unaonilisha hapa Houston. Neno moja wanalitwika kazi za maneno kumi. Chukua hili keep. Ukiachiwa chenji, keep. Kuku unaowafuga uani, keep. Ahadi ukiitimiza, siri ukiificha, mtu ukimchelewesha, safari ukiendelea nayo, mdomo ukiufunga kimya: yote hayo keep, na hawaoni hata haya. Sisi Waswahili kila kazi tumeipa neno lake. Wachina nao, kwa walivyonieleza wanafunzi wangu, ni vivyo hivyo. Ndiyo maana walimu wa Kimarekani walishindwa kuwafundisha wale wazee wa Kichina. Mmarekani hajui kwamba hapo pana shida. Mimi najua, maana neno hilohilo lilinichapisha viboko nikiwa msichana wa shule Kisauni.

Darasa letu liko mtaa wa Alief, kwenye barabara ya Bellaire, katika chumba kilichokuwa duka la viatu. Upande mmoja kinyozi, upande wa pili duka la Wachina lenye samaki wanaoogelea mpaka wanaponunuliwa. Wanafunzi wangu ni watu wazima, wapishi, waosha vyombo, mabibi wanaolea wajukuu. Wengi wao wana shida moja, wajukuu wanawajibu Kiingereza na bibi haambulii kitu. Hilo halihitaji mkalimani kwangu. Mwanangu Tasnim, tumbo langu mwenyewe, nikimwuliza jambo kwa Kiswahili hunijibu kwa Kiingereza kama anayezungumza na benki.

Wale wazee hawataki kanuni. Wanataka sentensi nzima waimeze. Nikisema sentensi, wanaandika, kisha wanasimama na kuirudia kwa pamoja mara tatu, kwa sauti ya kutikisa vioo. Nikaona hivyo ndivyo wanavyojua kusoma, nikawaacha. Nikawawekea na adabu yake: akija mgeni darasani, mmoja asimame aseme kitenzi chetu kwa mifano yake yote, na akishaanza hakatizwi mpaka amalize. Wakubwa wa kituo wakija kutukagua huondoka wanatingisha vichwa kwa kuridhika.

Hodari wao ni Bi Fang. Mjane, mfupi, nywele kazikata kama mvulana, mikono imebabuka kwa kuosha masufuria ya mikahawa. Akishika sentensi haiachi. Akikosea neno moja anarudi mwanzo hata kama wenzake wanaona njaa. Yeye ananiita Titcha, mimi namwita Bi Fang, maana kanizidi umri na kwetu mtu mzima haitwi jina tupu.

Sasa niwaeleze ya nyumbani kwangu, maana ndiyo yaliyoingia darasani.

Mume wangu Mansour ni dereva wa lori. Hubeba mizigo ya Houston kwenda Dallas na ya Dallas kuja Houston. Nusu ya wiki yuko kwangu, nusu hayuko. Ijumaa moja tulitoka msikitini, akasimama kutia mafuta, akaingia dukani na kuiacha simu garini. Ikalia kwenye spika, gari zima likawa linapiga kelele. Kwenye skrini ya gari, kando ya usukani, pakaandikwa Plano. Nikadhani ni Tasnim, maana anafanya kazi huko Plano, kitongoji cha Dallas, kwenye ofisi moja kubwa, na babake hana akili ya kuandika majina sawasawa. Nikabonyeza. Nikasikia mwanamke, tena kwa Kiswahili cha kwetu pwani, laini, hakina hata chembe ya haraka: "Mume wangu, usile njiani. Nimekupikia."

Nikabonyeza tena, ikakatika. Mansour akarudi na chupa ya maji. "Mbona umesawijika?" akaniuliza. Nikamwambia ni joto.

Najua mtakaloniuliza. Mwatime, kwa nini hukumpasulia palepale? Ningempasulia, wallahi! Mimi si mwanamke wa kukaliwa kichwani. Na mke wa pili si haramu, hilo nalijua, sihitaji kusomeshwa. Haramu yangu mimi ni kufanywa bahau. Lakini kulikuwa na Tasnim. Yule mtoto na babake, acheni tu. Alipokuwa mdogo akisikia lori linaingia hutoka mbio bila viatu, chakula kakiacha mezani. Na posa ilikuwa imeshaletwa, Swafwani wa Cedar Hill, hukohuko Dallas, nesi, kijana mtulivu, wazazi wake watu wa Unguja wanaojua kuuliza habari za ukoo. Nikajiapia mbele ya Mungu: Tasnim asijue haya kabla hajaolewa. Aingie kwenye nyumba yake akiwa na baba mzima. Akishaozwa, na Mansour kashasimama kama walii wake, siku ya pili yake nitafungua mdomo na Alief yote itanisikia.

Basi nikanyamaza. Nikapika, nikafua, nikauliza safari ilikuwaje. Kila Mansour alipokwenda Dallas nilimpa bakuli la mahamri ampelekee mtoto. Ni bakuli langu la kifuniko cha kijani, lina alama ya kuungua pembeni, nililisogeza karibu na jiko siku moja. Na kila bakuli liliporudi, halikurudi tupu. Kwetu chombo cha mtu hakirudishwi kikiwa kitupu, na Tasnim alikuwa akinirudishia kashata za nazi, zimekatwa pembe sawasawa, zina harufu ya iliki. Mtoto huyu hajui kuchemsha yai! Nikajisifu kwa mashoga zangu. Nikawaambia, mwaona, mtoto ukimlea vizuri hata akienda mbali adabu inabaki. Nilitamani sana kumtembelea, lakini kila nikitaja safari aliniambia nyumba ni ndogo, anaishi na wasichana wenziwe, pa kulala hapana.

Siku ya kufundisha keep ikafika. Nilisimama mbele ya ubao na kalamu mkononi, nikitafuta mifano. Vitabu vina mifano yao: John anafuga mbwa, Mary anatunza bustani. John nani? Mary nani? Sentensi za watu wasiokuwepo hazikai kichwani. Nami kichwani kwangu mlikuwa na jambo moja tu. Nikaandika: Mume wangu ana nyumba mbili. Nikaandika: Ananiweka nikimsubiri. Kisha: Mke wake mwingine yuko Plano. Kisha: Naendelea kumpikia. Kisha: Nanyamaza. Na ya mwisho: Namficha binti yangu. Kwa Kiingereza zote zinajengwa kwa keep, msidhani nilidanganya somo.

Bi Fang akanyoosha mkono. "Titcha, hii kweli?"

"Ni mfano tu, Bi Fang," nikamwambia. "Mifano yote ni ya kutunga."

Akaitikia kwa kichwa, akaandika. Kisha wakasimama wote wakasema. Nyinyi hamjui raha niliyoisikia! Kwetu siri ya nyumba haitolewi nje. Ukimwambia jirani umejifedhehesha, ukimwambia dadako atamwambia mumewe kabla ya magharibi. Nilikuwa nimelibeba peke yangu mpaka mgongo unaniuma. Na sasa chumba kizima cha wazee wa Kichina kinapaza sauti shida yangu, kwa pamoja, mara tatu, na mimi nasahihisha matamshi. Wachina sikuwahesabu kuwa ni watu wa nje wala wa ndani. Hawamjui Mansour, hawamjui Tasnim, watamwambia nani? Niliwafundisha keep wiki nzima. Kitenzi kinachofuata kilingoja.

Siku ya watu wa Cedar Hill kuja kupewa jibu la posa, nyumba yangu ilinukia udi tangu asubuhi. Wanaume walikaa sebuleni na Mansour, aliyevaa kanzu mpya na kutabasamu kama muuza magari. Sisi wanawake tulikaa upande wa meza ya chakula, katikati nimetundika pazia. Nyumba za Alief hazina kuta za maana, ukikohoa huku unaambiwa pole kule. Tasnim alikuwa amekuja na babake kutoka Dallas, amekaa karibu yangu, leso mpya mabegani, hina mkononi. Bi Lubna, mamake Swafwani, alikuja na sinia zake za vitamu akaziweka mezani zikiwa zimefunikwa.

Ndipo mlango ukagongwa, na Bi Fang akaingia na boksi la mapea. Nilikuwa nimemdokezea darasani kuwa binti yangu anachumbiwa, naye akaona haifai asilete kitu. Alitaka kuyaacha mlangoni arudi. Mimi nimrudishe mgeni mlangoni, siku ya shughuli? Sijalelewa hivyo. Nikamkalisha kati yetu, nikampa chai na sambusa, nikamtambulisha: huyu ni mwanafunzi wangu, wa kwanza darasani.

Bi Lubna ni mwanamke wa kuchangamsha watu. Akamgeukia, akamwuliza kwa Kiingereza cha upole, "Na huyu mwalimu wetu, amekufundisha nini?"

Bi Fang akaweka kikombe chini. Akasimama. Akanyoosha mikono ubavuni kama askari, na nikajua, lakini nilikuwa nimechelewa.

"Keep," akasema. Na ile sauti ya darasani, ya kutikisa vioo! "Mume wangu ana nyumba mbili."

"Vizuri sana, Bi Fang, basi, kaa," nikasema mbio mbio.

Akanitazama akatabasamu. Alidhani naona haya kwa niaba yake, kumbe hakujua. Na nani aliyemfundisha kwamba aliyeanza hakatizwi? Mimi. Akaendelea. Ananiweka nikimsubiri. Mke wake mwingine yuko Plano. Naendelea kumpikia. Hakukosea herufi. Nikamshika mkono, akaubana mkono wangu kwa mapenzi, asinyamaze. Nanyamaza. Namficha binti yangu.

Nyuma ya pazia mazungumzo ya wanaume yalikatika. Kila mtu mle ndani anajua Kiingereza, wengine hawajui lugha nyingine. Sikumtazama Tasnim, sikuweza. Nilimtazama Bi Lubna, nikingoja ainuke achukue mkoba wake na posa yake. Yote niliyoyameza, yote, kwa ajili ya mtoto huyu, nimeyamwaga kwa mdomo wa bibi wa Kichina!

Bi Lubna akashusha pumzi ndefu. Uso wake ukakunjuka. "Alhamdulillahi," akasema. "Kumbe unajua!"

Sikumwelewa.

"Ah, Mwatime, hujui tulivyoteseka. Kila nikikupigia simu nauma ulimi nisije nikateleza. Mimi siku zote nilisema mwambieni Mwatime, ni mtu mzima, atafahamu. Sasa naona Mungu katuondolea mzigo."

"Mzigo gani?"

"Wa Loice," akasema.

Hapo ndipo nilipolijua jina lake. Bi Lubna alishafunguka, hakuna wa kumfunga. Loice ni mtu wa Voi, amesilimu, ana moyo mzuri, nikimjua nitampenda. Loice ndiye aliyewakutanisha watoto, maana Swafwani alimwona Tasnim kwake, sikukuu, wote wakila pamoja. "Na leo angekuja, lakini akakataa katakata. Akasema siku hii ni ya mamake Tasnim, yeye ataleta salamu za kashata tu." Akainua kitambaa cha sinia moja, akanisogezea bakuli. Kifuniko cha kijani. Alama ya kuungua pembeni.

Kashata zilikuwa zimekatwa pembe sawasawa.

Nikamgeukia Tasnim. "Kwake wapi? Wewe si unaishi na wasichana wenzio?"

"Mum, please," akasema.

"Nijibu kwa Kiswahili!"

Akainamisha kichwa. Kiswahili chake kilitoka kidogokidogo. "Naishi kwa baba. Tangu nipate kazi. Sikutaka uumie, mama."

"Na mahamri?"

"Tunakula wote," akasema. "Watoto wanayapenda."

Watoto. Hata hilo sikuwa nalo. Nilitaka kuuliza wangapi, nikaona hakuna faida, nitakuja kuambiwa na mtu mwingine wa Cedar Hill.

Pazia likavutwa. Mansour kasimama, kanzu nyeupe pe, mishipa ya shingo imemtoka. Nilidhani ataona haya. Hee! Haya gani? "Mwatime!" akasema. "Mambo ya nyumba yangu unakwenda kuwafundisha Wachina?"

"Nyumba yako ipi?" nikamwuliza.

Walijibu wengine. Mzee mmoja kule sebuleni akasema tumlaani shetani, turudi kwenye shughuli. Mwanamke mmoja akanong'ona kwamba ni wivu, utapoa. Mwingine akauliza kwani huyu Mchina ni nani, na nikasikia akiambiwa kwamba mambo mengine mwalimu angeyaweka moyoni. Ndiyo hukumu iliyopita mle ndani. Aliyefanya hakuwa na kosa, waliojua na kunyamaza walikuwa na busara, na fedheha ilikuwa yangu mimi niliyesema. Tasnim alikuwa analia, wanawake wamemzunguka wakimpepea, wakimwambia asijali, siku yake haitaharibika.

Na haikuharibika. Fatiha ikasomwa, tarehe ikakubaliwa, wakaulizana ukumbi gani una maegesho ya kutosha. Posa niliyoilinda kwa kuuma meno usiku na mchana haikuwa na hatari yoyote. Haikuhitaji mlinzi. Mtoto niliyemficha siri ya babake alikuwa akimpakulia babake chakula kwenye nyumba ile.

Bi Fang alikuwa bado amesimama. Darasani hakai mpaka nimwambie. Nikamwambia kaa, Bi Fang, na akakaa, mikono magotini, akiwatazama watu mmoja mmoja.

Wageni walipokuwa wanakula nikamchukua nimrudishe kwake, maana hapa bila gari huendi kokote. Nilipotoka nilichukua bakuli langu mezani. Kashata nilizimimina kwenye sinia, mbele ya macho yao. Lile bakuli nikaliweka kiti cha nyuma likiwa tupu.

Tulipita Bellaire. Karibu na kwake Bi Fang akaniuliza, "Titcha, nimekosea wapi?"

"Hukukosea."

"Hawakupiga makofi."

"Hukukosea hata neno moja, Bi Fang," nikamwambia, nikawasha redio.

Jumatatu nilikwenda kazini. Mlitaka nikae nyumbani nimtazame nani? Mansour alishaondoka na lori lake, kanuna, kana kwamba mimi ndiye niliyekutwa Plano. Tasnim alinipigia simu, sikupokea, akaniandikia ujumbe mrefu kwa Kiingereza. Ulikuwa na sarufi nzuri.

Wazee walikuwa wamekwishakaa, kalamu zimeelekezwa kwenye karatasi. Wakauliza, leo kitenzi gani? Nikawaambia tunarudia cha zamani, kuna sentensi ya kubadilisha. Wakasimama wakaanza, na walipofika mwisho, Namficha binti yangu, nikainua mkono wakanyamaza.

"Hiyo futeni," nikasema. "Andikeni nyingine."

Nikaandika ubaoni: Binti yangu alinificha. Kwa Kiingereza maneno ni yaleyale karibu yote, mtu na mamake wamebadilishana nafasi tu. Mstari ulipinda, nao wakaufuata hivyohivyo ulivyopinda.

Bi Fang akanyoosha mkono. Aliutazama ubao, akanitazama mimi.

"Titcha," akasema, "hii pia mfano tu?"

"Hapana, Bi Fang. Hii ni kweli."

Aliteremsha mkono polepole. Nadhani zile nyingine nazo zilimrudia kichwani moja moja, maana alishika mdomo wake, na macho yake yakajaa maji. Alitaka kusema kitu lakini hakuwa na Kiingereza chake. Wenzake hawakuwa wamesikia. Walishasimama, wamevuta pumzi, wananingoja mimi.

Nikawapa ishara. Wakaanza kuisema, kwa pamoja, mara tatu, kama nilivyowazoeza.